Kidonge cha Mwasho na Bibi Harusi wa Temeke

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa mgonjwa. Ilikuwa zahanati ya serikali pale Temeke, Mwingereza bado anatawala, na Bwana Kompaunda alinikabidhi sufuria ya sindano. Sindano zetu zilikuwa za kioo. Ukishazitumia unazichemsha, unazitumia tena. "Binti, nataka yatokote," aliniambia. "Maji ya vuguvugu kaogee nyumbani." Nilisimama pale mpaka miguu ikawaka moto, maana sikuthubutu kukaa.

Kompaunda ndiye aliyekuwa akipima na kuchanganya dawa. Wetu alikuwa Mhindi mzaliwa wa Dar es Salaam, mkali, Kiswahili chake safi. Juu yake alikuwapo Bwana Mganga, daktari Mzungu aliyefika mara mojamoja kwa gari, akakagua vyoo kabla ya wagonjwa.

Nikahamishiwa Kinondoni kufunga vidonda, kisha nikarudishwa Temeke. Wakati huo vidonge vya mzio vilikuwa ndiyo kwanza vinatufikia. Kabla ya hapo, mtu akija na mabaka ya mwasho, yale yanayovimba ghafla kama ameumwa na siafu mwili mzima, tulimpaka dawa ya maji yenye rangi ya waridi, tukamwambia avumilie. Bwana Kompaunda alinieleza kwamba mwili ukichukizwa na kitu, chakula au mafuta, humwaga kemikali iitwayo histamini, na hiyo ndiyo inayovimbisha ngozi na kuiwasha. Kidonge kinaizuia. "Lakini kinalaza," akasema. "Aliyemeza asishike usukani wala asipande mnazi."

Asubuhi moja Bi Tatu, jirani wa zahanati, aliingia akimvuta bintiye Mwanahamisi, kamfunika kanga gubigubi. Ndoa ilikuwa siku hiyohiyo, baada ya alasiri. Mwanahamisi alikuwa na mabaka shingoni, mikononi, mgongoni, na kwa kujikuna alikwisha kujitoa damu. Shangazi za bwana harusi walikuwa wameshaanza kunong'ona kwamba kijana wao anaozeshwa mgonjwa.

"Kala nini? Kapakwa nini?" Bwana Kompaunda aliuliza.

"Jana tumemsinga kwa mafuta mapya ya manukato."

"Huenda ni hayo. Mkamwogeshe, yasimguse tena. Na kidonge hiki kitampa usingizi."

"Alale? Leo? Bwana, watu wanakuja!"

"Mama, niache ninywe," Mwanahamisi akalia. "Nitajichuna ngozi."

Akameza. Bwana Kompaunda akanigeukia. "Fuatana naye. Ukiona midomo inavimba au sauti inakwama, usingoje kidonge. Mlete mbio nimchome sindano ya adrenalini, ifungue pumzi."

Alipokwisha kuogeshwa nyumbani kwao, usingizi ukamchukua. Mimi nikakaa kando ya kitanda, nikainuka, nikakaa tena. Nilimtazama midomo, nikainama nisikie pumzi. Mabaka yalikuwa yanashuka, lakini moyo wangu haukushuka. Alasiri ilipopita, nje wageni walikuwa wameshajaa barazani.

Baba yake Mwanahamisi alikuwa marehemu, kwa hiyo baba yake mdogo ndiye aliyeingia na mashahidi wawili kuchukua idhini.

"Mwanahamisi, unakubali kuozwa?"

Kimya.

"Basi. Kimya cha mwari ni idhini. Twendeni."

Nikasimama mlangoni. "Baba, amelala. Amekunywa dawa."

"Nesi, tupishe."

Sikuondoka mlangoni. Shahidi mmoja akanipita ubavuni, akaenda kumweleza sheikh aliyengoja barazani kufungisha ndoa. Sauti ya sheikh ikatufikia mpaka ndani: "Aliyelala hajaulizwa. Tutangoja."

Minong'ono ikazuka. Shangazi wakasonya. Kisha nikamsikia bwana harusi, kijana wa bandarini, akisema kwa upole, "Mwacheni alale. Mie sina safari."

Wakangoja. Kahawa ikapikwa upya. Bi Tatu aliingia na kutoka mpaka nikamwomba aketi, na mimi mwenyewe nimesimama.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama Mwanahamisi alipofumbua macho. Shingo yake ilikuwa laini.

"Watu wameondoka?"

"Wapo."

"Na yeye?"

"Yupo. Kasema ulale, hana safari."

Akatabasamu, akajitandia kanga. Baba mdogo akarudi na mashahidi, akauliza tena, safari hii taratibu.

"Nimekubali," Mwanahamisi akajibu, kwa sauti iliyofika barazani. Vigelegele vikapasuka.

Nilistaafia Mbagala, Uhuru ukiwa umeshazoeleka. Siku hizi vidonge hivyo vinauzwa kila duka la dawa, watu wanameza na kuondoka. Manesi vijana wakija kunisalimia huniuliza kazi ilikuwaje, nami nawaambia: kumpa mtu dawa ni jambo la dakika, kazi ni kukaa naye. Mimi mazoea hayo hayajaniacha. Mjukuu akisinzia mchana mkekani, nitapita, nitarudi, nitainama nisikie pumzi. Wananicheka. Nami nacheka, kisha naenda tena kutazama.