Majani ya Tulipu Mdomoni mwa Kibuyu

"Ua ungechukua, Baba Winnie! Ua ningekusamehe, labda mwakani. Majani ya tulipu yangu uliyakatia nini?"

"Sasa kibuyu nilichopeleka alfajiri ningekiziba na nini, na kidole?" Kipriani alimjibu mkewe, kisu bado kiunoni. "Pombe ya ndizi inakwenda kwa wakwe, mdomo unazibwa kwa majani. Hata baba yangu alifanya hivyo."

"Migomba imejaa mpaka inatuchungulia dirishani, hukuiona?"

"Majani ya mgomba kila mtu anayo. Nilitaka wajue Winnie katoka nyumba ya watu."

Niyubahwe alipiga jembe chini kwa kishindo, kuku wote wakahama. Jogoo, nasikia, alionekana Manyovu akitafuta njia ya kuvukia Burundi. Pale nyuma ya jiko kilibaki kisiki cha tulipu, kifupi kama ukucha.

Kitunguu cha ua lile alitumiwa na Nsimire, shoga yake Mkongo aliyekaanga naye maandazi karibu na kambi ya Nyarugusu, kabla hajapelekwa kuishi nchi za barafu. Alimwonya kwamba bila baridi kali hakiamki. Baridi ya Kasulu huuma, lakini kitunguu cha barafu hakidanganyiki. Basi Niyubahwe alikilaza kwenye friji ya dukani kwa Nurudini, katikati ya soda, miezi yote ya mvua, na kwa malipo akawa anamfagilia baraza kila asubuhi. Wakamcheka weee! Kiangazi akakipanda, kikachipua, likafunguka ua jekundu hata majirani wakaacha kuwasha moto, wakaja kuliota.

"Nsimire alisema majani yasiguswe mpaka yakauke yenyewe," alisema Niyubahwe. "Ndiyo yanayolisha kitunguu. Umemkatia mtoto ziwa mdomoni! Nsimire simwoni tena mimi. Nilibaki na hicho tu!"

"Mama Winnie, nilidhani..."

"Ulidhani! Nikuulize, ulidhani kwa kichwa au kwa kibuyu? Leo nikiliinua jembe hili..."

"Hodi humu! Mwakeye!"

Baba yake bwana harusi wa Winnie akaingia na salamu yake ya Kiha, kibuyu kitupu begani, meno yote nje.

"Wakwe zangu, pombe tamu! Na yale majani, mbuzi nusura watoane macho wakiyagombea. Mama watoto anauliza, hamkubakiza mengine?"

Niyubahwe akaliweka jembe chini polepole, akaenda kumletea mkwe kiti, meno yameumana.