Mtindi Usiovuka Kizingiti

Ndiyo, huyo aliyeinamia sufuria ndiye Stamena mwenyewe, mwenye nyumba ya wageni ya Orlovitsa, kijiji cha mlimani. Hajanuna. Anaangalia maziwa yaliyokataa kuganda.

Ni saa mbili asubuhi, sikukuu ya Mtakatifu Georgi. Mwanakondoo yuko kwenye tanuri. Wageni arobaini wako njiani, na hawapandi mlima ule kwa ajili ya vyumba sita vyenye vitanda vinavyolia. Wanafuata mtindi.

"Rangel, ulihesabu mpaka ngapi?" anamuuliza mwanawe, baba mzima wa miaka thelathini na tano.

"Kumi, mama."

"Kumi ya namna gani?"

Rangel anajikuna kisogo. Maziwa yakishachemka na kupoa kiasi, unatumbukiza kidole kidogo, unahesabu polepole. Ukivumilia mpaka kumi, ndipo unatia mbegu, yaani mtindi kidogo wa jana. Jana kidole kiliungua, akahesabu kama mtu anayefukuzwa. Mbegu ikafa kwa joto, na ya akiba alishaitia humo humo.

"Basi tununue dukani."

"Kanunue na mama mwingine huko huko."

Mbegu hiyo, wasemavyo pale, ni ya tangu enzi za utawala wa Waturuki. Jambazi wa msituni mwenye jeraha alibisha hodi, theluji imefika kiunoni. Bibi wa nyumba akamficha nyuma ya mapipa, akamlisha mtindi siku tisa. Alipopona akasema mbegu isivuke kizingiti, na nyumba haitafungwa kamwe. Wengine husema alikuwa mchungaji tu, tena mlevi. Lakini mbegu haikuvuka. Mgeni mmoja aliificha kwenye chupa, akapekuliwa kama mwizi wa kuku.

Stamena ana miaka sitini na moja, mjane. Miezi mitatu ya baridi hapati hata mtu wa kuuliza njia. "Hii nyumba nimeishikilia kwa mtindi," anasema. "Bila huo, nani atapanda huku?"

Jirani yake, Bibi Zlata wa miaka themanini na nne, anaingia bila hodi na ndoo mkononi. Habari zimeshamfikia.

"Onja kwanza, ndipo unitukane."

Stamena anaonja. Anaonja tena. "Bibi, huu ni wetu. Umeupata wapi?"

"Kwa marehemu mama mkwe wako. Nilijifungua nikawa sili kitu. Akanipitishia dirishani. Akasema jambazi alitaja kizingiti, dirisha hakulitaja."

"Miaka yote hiyo mnakula, mmenyamaza?"

"Mdomo ulikuwa umejaa, mwanangu."

Rangel anacheka, anaambiwa akachemshe maziwa. Safari hii kidole ni cha Stamena. Saa saba yameganda.

"Kesho nagawa mbegu kwa nyumba tatu," Stamena anasema huku akipakua. "Huyu akiiua tena, nijue pa kwenda kuomba. Na wataichukua mlangoni, si dirishani."

Saa tisa wageni wameshiba, na wenye nyumba wanaketi. Bibi Zlata anakalishwa kwenye kiti cha heshima. Anaonja nyama, anasema chumvi imepungua. Stamena anamsogezea chumvi, anavuta kiti, naye anaanza kula.