Mawe Mawili ya Pangoni

Nilipokuwa mtoto huko Runingu, hakuna aliyeitwa kwa jina kwenye pango la udongo mweupe. Lilikuwa juu ya mashamba yetu, na kila mwaka kabla ya Noeli wanawake walichimba humo udongo wa kupaka nyumba. Koko, bibi yetu, hakukosa misa hata Jumapili moja, lakini kwa jambo hilo padri angehubiri mpaka sauti imkauke, asimsikie.

"Mule mu shimo musiitane majina," alituambia. "Ukiita muntu, mulima nayo inasikia jina yake. Mugonge mawe mbili tu, atatoka."

Mawe yenyewe, meusi, yalikaa juu ya jabali hatua chache nje ya mlango.

Mwaka ule mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Ya nne jua likatoka, na dada yangu Sifa akasema twende, maana majirani walikuwa wameshapaka. Aliingia na jembe, mimi nikabaki nje na kapu. Kulikuwa na kimya kibaya, hata ndege hawakulia. Kisha nikaona udongo wa juu ya mlango unadondoka, kidogo kidogo, ukinimwagikia miguuni.

Nilisahau mawe. Hapana, niseme kweli: niliyaona, nikadhani yatanichelewesha. Nikapiga kelele, "Sifa! Sifa!"

Pango likaliita jina lake kabla yeye hajajibu. Ndipo sauti yake ikatoka ndani, tulivu kabisa: "Eh? Weye unasema nini?"

Mlima ukashuka.

Wanaume walichimba mpaka jioni, wakamtoa amekwisha kufa. Koko aliniuliza mara moja tu, "Nani aliita?" Nikasema hakuna. Akayatazama mawe pale juu ya jabali, bado yana majani yaliyoangushwa na mvua juu yake, hayajaguswa. Akayafunga ndani ya kitenge chake na hakuniuliza tena maisha yake yote. Alipofariki nilikuta ameniachia rozari yake na yale mawe.

Najua leo kwamba ni mvua iliyoangusha udongo ule. Hilo halijanifariji hata siku moja. Mtu akisikia jina lake husimama, aulize anatakiwa kwa nini. Angesikia mawe, angetoka.

Siku hizi nakaa Uvira, nina watoto watatu. Chakula kikiiva siwaiti. Nagonga mawe ya Koko mara mbili, nao huja mbio wakicheka, bila kuuliza kitu.