Kipande cha Mkeka wa Mbwa

Kwa habari ya mbwa, Umba wa Mwenze hakuwa mtu wa kufanyiwa mchezo. Wake za watu wa reli pale Kamina walinunua nyama ya porini kwake, kisha wakamtania mkewe Kabedi kwamba yeye analala chini ilhali mbwa wana mkeka. Mkeka ulikuwepo kweli, wa marehemu baba yake, mweusi kwa jasho la mbwa wa miaka mingi. Mbwa mgeni akija alilazwa hapo, ashike harufu ya mawindo. Mtoto wa mbwa akipewa ndugu, aliondoka na kipande cha mkeka huo ili bahati isikatike.

Mwaka 1953 Zacharie wa reli, aliyehamishwa kutoka kusini, alisafiri kikazi akamwachia Umba mbwa wake. Mnene, masikio yamejaa kupe. Umba akamlaza mkekani siku nne, kwa heshima zote. Heshima gani ile!

Miezi miwili baadaye Tala, jike aliyempenda kuliko wote, akakataa chakula. Fizi zikawa nyeupe, mkojo mwekundu. Umba akamwita Florent, msaidizi wa daktari wa mifugo. Florent akainua mkeka, kupe wakatawanyika.

"Tata Umba, hii bugonjwa inatoka ku kupe. Huku kwetu haikukuwaka, ilikuya na mbwa ya mugeni. Unguza hii mukeka leo."

"Mukeka ya baba yangu?"

"Njo ile ile."

Akauchoma, akalia mbele ya mkewe bila haya. Tala alikufa kesho yake. Wakati wa kumzika ndipo Umba alipokumbuka: mwezi uliopita alimpelekea dada yake Mujinga, kule Luena, mtoto wa Tala. Pamoja na kipande.

Akapanda treni. Njia nzima aliomba akikute kipande kimetupwa jalalani. Mujinga akampokea kwa vigelegele.

"Yaya, dada yangu, kile kipande ya mukeka iko wapi?"

"Usiogope, ndugu yangu. Bantu ba hapa bote banajua bahati ya mbwa ya baba. Minyi siko na choyo. Nilikata kidogo kidogo, nikapatia benye mbwa."

"Nyumba ngapi?"

Mujinga akaanza kuhesabu kwa vidole, anacheka. Mikono yote miwili ikaisha, akaanza upya.