Fungate Niliyoikatisha

Nakumbuka siku ya tatu ya ndoa yangu, mwanangu, kuliko ninavyoikumbuka ya kwanza. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, nafundisha sekondari Korogwe, na jioni nikiwahutubia wanakijiji habari za Ujamaa kana kwamba niliubuni mimi. Mke wangu, Mwanahamisi, alitoka Mkata. Kwa desturi yetu fungate ni siku saba ndani, shangazi wa bibi harusi akiwahudumia. Mimi nilikuwa nimesoma mahali kwamba maharusi wa kisasa husafiri kwa meli.

"Siku hizi saba si za kulala tu, mwalimu," shangazi yake alinionya. "Mjuane kwanza. Huyu bahari hajaiona hata siku moja."

"Ataiona, shangazi," nikajibu, nikifunga tai.

Tukapanda treni hadi Tanga, tukaingia meli kubwa ya abiria iliyokuwa ikielekea Mtwara. Alasiri bahari ikachafuka. Meli iliinuka, ikaanguka, mizigo ikateleza chumbani kama ina miguu. Mwanahamisi alikuwa sakafuni, anatapika, ameshika mguu wa kitanda. Juu ya mlango palikuwa na maboya mawili ya kuvaa kifuani. Nilichukua moja, nikalivaa, nikafunga kamba zake vizuri sana, maana mimi ni mtu wa utaratibu. Kisha nikatoka.

Kwenye ngazi baharia mmoja mzee akanizuia.

"Bwana harusi, bibi yuko wapi?"

"Chini."

"Na wewe unakwenda wapi?"

Pande zote maji. Nikageuka, nikashuka.

Niliporudi, sanduku langu la vitabu lilikuwa limemwangukia. Mkono wake ulipinda mahali pasipo na kiungo. Hakulia. Alilitazama lile boya, akasema, "Limekukaa, mwalimu."

Meli haikuzama. Ingezama, ningekuwa marehemu mwema.

Tuliporudi Korogwe, shangazi yake aliutazama mkono, akamuuliza neno moja tu: "Mmejuana?"

"Mimi nimemjua," Mwanahamisi akajibu.

Mkono haukunyooka. Miaka thelathini sasa anainua ndoo ya maji kwa mkono mmoja. Hunipikia, hunisalimu, huniombea dua nikiumwa. Kuniita nimsaidie, hajaniita.

Nawe umenijia unataka niwaombe wakwe zako wapunguze siku za fungate, maana mmeshakata tiketi. Sitawaomba, mwanangu. Kaa ndani siku zote saba. Acha mkeo auone woga wako mdogo kwanza, aucheke, nawe ujifunze kuuona wake. Na siku chumba kitakapoinama, mvalishe yeye kwanza, ndipo ufunge kamba zako.

Mungu awajalie nyumba ambayo mkeo akielemewa na mzigo, jina la kwanza kumjia mdomoni liwe lako.