Simu Iliyokataa Kusasishwa

Burmakan ni mjane anayeuza sambusa za tanuri sokoni Osh, mji wa Kirgizia. Simu yake alitumiwa na mdogo wake Talant, anayefanya kibarua Moscow, na Burmakan alikuwa akiiringia zawadi hiyo.

Siku moja simu ilimtaka asasishe mfumo, lakini kila alipojaribu ilikataa, ikidai nafasi haitoshi. Alifuta picha, akafuta video za harusi, akazima na kuwasha. Wapi! Akaipeleka kwa Ilhom, fundi simu wa pale sokoni.

Ilhom aliichokonoa weee, kisha akainua macho.

"Mama, kuna programu imefichwa humu. Inarekodi maongezi yako yote na kuyatuma kwenye namba hii. Ndiyo iliyojaza simu."

Namba ilikuwa ya Talant.

Kumbe ndivyo Talant alivyojua habari za Ermek, dereva aliyetaka kumwoa! Na yeye Burmakan alikuwa amemshuku shoga yake Aizada kuwa ndiye aliyemwambia, wakagombana hadi wakaacha kusalimiana.

Alimpigia Talant palepale, akamuuliza kuhusu programu ile.

"Nilikuwa nakulinda, dada. Watu wangesemaje?"

"Mimi niliyekulea baada ya mama kufariki? Hata nikilia ulikuwa unanisikiliza?"

Talant akakata simu.

Ilhom aliifuta programu ile, na mfumo mpya ukaingia bila taabu. Burmakan alikwenda moja kwa moja kwa Aizada kumwomba radhi. Theluji ilipoanza kuanguka, aliolewa na Ermek. Talant hakualikwa.