Mama Gramu na Paketi za Alasiri

Siku hizi, saa nane mchana, Mama Gramu anamimina paketi thelathini mezani, anafuta mizani kwa kitambaa na kuanza kupima. Ukimsemesha anakuonyesha kiganja: ngoja.

Jina hilo amepewa na wenzake katika kiwanda hiki cha chumvi ya dawa, ile wanayokorogewa watoto wanaoharisha. Wastani wa paketi unapaswa kuwa gramu ishirini.

"Huwezi kupima paketi elfu tisa," anasema. "Kwa hiyo naanza kwa kukubali kwamba wastani wa zote ni ishirini. Napima thelathini. Zikipungua kidogo, hiyo ni bahati tu. Zikipungua kuliko bahati inavyoweza kupunguza, nakataa, mashine inazimwa."

Kwa miaka kumi na moja hakuwahi kukataa. Fundi wa mashine ni mumewe, na wenzao wakawa wanatania kwamba mke hawezi kumwaibisha mume.

Mwezi uliopita mizani ilipelekwa kutengenezwa, ikarudi baada ya chakula cha mchana. Kwa mara ya kwanza alichukua sampuli alasiri. Wastani: gramu kumi na saba na nusu.

"Nilipigwa na butwaa. Nikapima upya mara tatu. Nikamwambia, 'Baba watoto, zima mashine.' Akacheka: 'Leo umeamkia upande gani, mama?' Nikampa daftari. Alikaa chini, palepale sakafuni."

Kilichogunduliwa kinatisha kwa wepesi wake. Mashine husafishwa kila asubuhi. Kufikia mchana unga umeshika unyevu, umeganda kwenye mdomo wa mashine, na paketi zinatoka pungufu. Hakuna aliyeiba wala kudanganya. Sampuli zilikuwa zikichukuliwa saa mbili asubuhi, kabla ya chai, kwa mazoea tu!

"Nilipima asubuhi, nikaiapia siku nzima," anasema.

Mumewe ameondolewa kwenye mashine hadi uchunguzi uishe. Nyumbani wanasalimiana, basi. Mama Gramu ameomba kupima mwenyewe paketi za akiba zilizoko stoo, zilizotunzwa kila saa kwa miaka mitatu kwa ajili ya ukaguzi, ili zahanati zijue zipi za kurudisha.

"Kitinda mimba wangu aliharisha mwaka juzi, nikamkorogea hizi hizi. Alikaribia kutuponyoka, mimi nikawagombeza manesi. Zilibaki paketi nne kabatini. Jana nilisoma muhuri wa saa zilipofungwa: saa tisa alasiri. Kesho naja nazo. Nitaanza na hizo."